Miji Iliyojenga Viwanda kwa Deni

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaisema juu ya mtu. Lakini katika nchi ya Marekani ilikuwapo miji mizima iliyomngoja mgeni wa namna nyingine, yaani kiwanda, ikamwandalia nyumba kabla hajabisha hodi. Ili aje, wenyeji walimjengea jumba, wakamvutia maji, wakamsamehe kodi, nao wenyewe wakachukua deni la kulipia hayo yote. Wengine walipona kweli. Wengine walibaki na jumba tupu. Twataka kuisimulia habari hiyo kwa taratibu, maana waliolibeba deni walikuwa wakulima, wenye maduka madogo, walimu, na wajane wenye kiwanja kimoja, watu wasio mbali sana na sisi kwa hali yao.

Kwanza yafaa tuieleze nchi yenyewe. Marekani ni muungano wa majimbo, nayo leo ni 50. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria, na kodi zake. Lakini katika Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 majimbo yalikatazwa kutozana ushuru wa bidhaa. Shati lililoshonwa New York laweza kuuzwa Texas pasipo kulipa hata senti moja mpakani. Basi mwenye kiwanda hana haja ya kukaa karibu na wanunuzi wake. Aweza kukaa po pote penye ujira mdogo na njia ya reli, akauza nchi nzima. Hapo ndipo ulipo mzizi wa mashindano. Jimbo haliwezi kumshurutisha mwenye kiwanda kwa ushuru, ila laweza kumbembeleza kwa zawadi.

Mambo haya yalianza zamani, muungano wenyewe ungali mchanga. Mwaka 1791 Alexander Hamilton, aliyekuwa waziri wa hazina, alisaidia kuanzisha chama cha matajiri cha kujenga viwanda. Baraza la jimbo la New Jersey likakipa chama hicho hati na kukisamehe kodi, nacho kikachagua mahali penye maporomoko makubwa ya mto Passaic, na mji ukaitwa Paterson kwa jina la gavana. Mkuu wa chama, William Duer, alifilisika mwaka 1792 kwa kuchezea fedha, akatiwa gerezani kwa ajili ya madeni yake, na kiwanda cha pamba cha chama kikafungwa mwaka 1796. Walakini maporomoko yaliendelea kuanguka usiku na mchana. Baadaye wakaja wengine kwa ajili ya nguvu ya maji yale, wakajenga viwanda vya hariri na vya vichwa vya garimoshi, na Paterson ukawa mji mkubwa wa kazi za mikono. Msomaji na ayakumbuke maporomoko hayo, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Sasa twende kusini, katika jimbo la Mississippi, maana huko ndiko zawadi hizi zilikopata kuwa sheria kamili.

Mississippi lilikuwa jimbo la pamba. Mwaka 1929 ratili moja ya pamba iliuzwa senti 16 au 17. Miaka miwili baadaye haikufika senti 6. Watu wengi walishindwa kulipa kodi ya mashamba yao, na mashamba yakanadiwa. Zaidi ya pamba palikuwa na misitu ya misonobari, nayo ilikatwa pasipo kupandwa mingine. Hugh Lawson White alikuwa tajiri wa mbao katika mji mdogo wa Columbia, tena alikuwa meya wake. Msitu ulipokwisha, kiwanda chake cha kupasua mbao kilifungwa, na watu wa mji wakabaki bila kazi. White hakukaa kitako kulia. Alikwenda kutafuta kampuni ya kushona nguo iitwayo Reliance, yenye makao yake Chicago, nayo ikakubali kuja endapo mji utaipatia jumba. Watu wa Columbia wakachanga fedha, jumba likasimama, vyerehani vikaanza kulia. White akaona ya kuwa jambo lililofanywa na mji mmoja kwa mchango laweza kufanywa na jimbo zima kwa sheria. Akagombea ugavana, akashinda mwaka 1935, akaingia kazini Januari 1936.

Shauri lake alilipa jina lenye maana ya Kusawazisha Kilimo na Viwanda, na sheria yake ilipitishwa mwaka ule ule wa 1936. Ilikuwa hivi. Watu 20 katika kila 100 wenye haki ya kupiga kura wakitia sahihi ombi la kutaka kiwanda, neno lilipelekwa mbele ya halmashauri ya watu watatu, nao walitazama kama mji una wafanya kazi wa kutosha na kama waweza kulibeba deni. Halmashauri ikiridhika ilitoa cheti. Ndipo mji ukapiga kura, na kura hiyo haikuwa na nguvu ila zaidi ya nusu ya wapiga kura wawe wamejitokeza, na theluthi mbili zao wawe wamekubali. Wakisha kukubali, mji uliuza hati za deni, maana yake mwenye fedha hununua hati, mji huzitumia fedha zake kujenga kiwanda, kisha humrudishia kidogo kidogo pamoja na riba kwa muda wa miaka mingi. Deni hilo halikuruhusiwa kupita sehemu ya kumi ya thamani ya mali yote ya mji iliyoandikwa kwa kutozwa kodi.

Twaona kwamba sheria hii ilitungwa na watu wenye akili nyingi. Jumba lilikuwa mali ya mji, na kampuni ilipangishwa tu kwa kodi ndogo ya pango; basi kwa kuwa mji haujitozi kodi wenyewe, kampuni haikulipa kodi ya nyumba. Tena riba ipatikanayo katika hati za deni za miji haikutozwa kodi ya mapato na serikali kuu ya Washington. Kwa hiyo wenye fedha walikubali riba ndogo, na mji ukakopa kwa urahisi kuliko kampuni ingalivyoweza kukopa yenyewe. Kwa maneno mengine, sehemu ya zawadi ya Mississippi ililipwa na hazina ya Washington, hata na watu wa majimbo ambayo viwanda vyao vilikuwa vikivutwa waondoke! Lakini liko jambo jingine, nalo ni zito kuliko hayo. Aliyesimama nyuma ya deni lile alikuwa mji mzima. Kampuni ikiondoka, au ikishindwa kulipa pango, mwenye hati hakuifuata kampuni. Aliufuata mji, na mji ulipaswa kuongeza kodi ya kila nyumba na kila kiwanja mpaka deni litimie.

Mji wa kwanza kuzitoa hati hizo ulikuwa Durant. Ulikopa dola 85,000, ukawajengea kiwanda watu wa Realsilk, kampuni ya soksi ya Indianapolis. Mji wa Winona nao ukataka kufanya vivyo hivyo, lakini mlipa kodi mmoja akapinga mbele ya mahakama. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 ilikataza mji kumkopesha mtu au kampuni jina lake jema la kukopea. Je, kumjengea tajiri kiwanda si ndiko huko? Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwaka 1938 kwamba sivyo, maana kuwapatia watu kazi ni faida ya watu wote. Kwa maoni yetu mlipa kodi yule hakuuliza swali la kipumbavu. Lakini waamuzi waliishi katika nchi yenye njaa, nao waliiona njaa ile kwa macho yao.

Na hapa yatupasa kuuliza, ni nani aliyepiga kura? Katika Mississippi ya wakati ule karibu nusu ya watu walikuwa weusi. Katiba ile ile ya 1890 iliwazuia wasipige kura, kwa kodi ya kichwa na kwa majaribio ya kusoma yaliyowekwa makusudi wasishinde. Basi deni la mji liliamuliwa na weupe, lakini kodi ililipwa na kila mwenye nyumba, na hata asiye na nyumba aliilipa ndani ya pango lake. Nazo kazi za vyerehani katika viwanda vile vipya ziliwaendea, kwa sehemu kubwa, wanawake weupe. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo, kwa kuwa huo ndio uliokuwa sababu ya kampuni kushuka kusini. Hata mwaka 1938 serikali kuu ilipoweka sheria ya ujira wa chini kabisa, kima kilikuwa senti 25 kwa saa.

Hata kufika mwaka 1940 viwanda vilivyojengwa kwa sheria ile vilikuwa 12 tu. Sheria ikafutwa mwaka huo, ikafufuliwa mwaka 1944. Katika vile 12 twataka kuvitazama viwili.

Cha kwanza kilikuwa Pascagoula, penye mlango wa mto na bahari. Wilaya ile ilikopa dola 100,000 kumsaidia Ingalls, mtengenezaji wa vyuma kutoka Alabama, afungue kiwanja cha kuundia meli. Mwaka 1940 aliishusha majini meli iitwayo Exchequer, ambayo mabamba yake yaliungwa kwa moto badala ya kupigwa misumari ya chuma kama ilivyokuwa desturi. Vita vikaja, meli zikatakiwa kwa wingi, na kiwanja kikakua. Mpaka leo manowari za Marekani zaundwa pale, na maelfu ya watu wa Mississippi wala mkate wao pale. Kiwanja cha meli hakichukuliki. Chahitaji kina cha maji, magati, na mafundi waliojifunza kwa miaka mingi, baba akimfundisha mwana. Haya ndiyo maporomoko ya Paterson kwa namna nyingine. Lakini vyerehani 300 vyaweza kupakiwa katika malori siku ya Jumamosi, na Jumatatu vikawa vinashona katika jimbo jingine. Ndivyo ilivyokuwa baadaye. Kushona nguo kulikoshuka kusini kufuata ujira mdogo kuliondoka tena kusini kufuata ujira mdogo zaidi, kukaenda Mexico, na Asia, na baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2000 kuyafungulia mataifa ya Afrika soko lake, nguo nyingi za kupelekwa huko zilishonwa hata Athi River katika Kenya. Nako Kenya kiwanda kilipokewa kwa desturi ile ile, maana sheria ya mwaka 1990 iliahidi miaka 10 ya kusamehewa kodi ya faida. Tanzania nayo ilitunga sheria iliyofanana nayo mwaka 2002.

Kiwanda cha pili twataka kukaa nacho kidogo. Mji wa Natchez, juu ya ukingo wa mto Mississippi, ulikopa dola 300,000 uwajengee watu wa Armstrong kiwanda cha mipira ya motakaa. Hiki hakikuwa kiwanda cha vyerehani. Kilikuwa na mitambo mizito, na kiliajiri watu weusi na weupe. Lakini weusi walipewa kazi za chini, zenye joto na masizi, na kazi za ujira mzuri ziliwekwa kwa ajili ya weupe. Hivyo jumba lililojengwa kwa jina la mji wote lilikuwa na milango miwili.

George Metcalfe alikuwa mfanya kazi wa kiwanda hicho, na tena mwenyekiti wa chama cha kutetea haki za watu weusi katika Natchez. Tarehe 27 Agosti 1965 alimaliza zamu yake, akaingia katika gari lake penye uwanja wa kiwanda, akaliwasha. Baruti iliyofichwa ndani ikalipuka, ikamvunja vibaya, lakini hakufa. Wharlest Jackson alikuwa rafiki yake na mtunza fedha wa chama kile, mwenye mke na watoto. Mwaka 1967 alipandishwa daraja kiwandani akapewa kazi ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya weupe tu, na nyongeza ya senti 17 kwa saa. Tarehe 27 Februari, alipokuwa akienda nyumbani baada ya kazi, bomu lililotegwa chini ya gari lake lilimwua. Hakuna mtu aliyepata kushtakiwa kwa kifo hicho. Hesabu za maendeleo ya viwanda huhesabu kazi, na ujira, na kodi. Hatukuona hesabu iliyoandika senti hizo 17. Kiwanda chenyewe kikapita katika mikono ya wenyewe mbalimbali, na mwaka 2001 kikafungwa.

Turudi katika sheria. Majimbo jirani yalipoona Mississippi linapata viwanda, nayo yakaiga: Kentucky mwaka 1948, Alabama baada yake, Tennessee mwaka 1951, na mengine yakafuata, kusini na kaskazini. Miji ya kaskazini iliyopokonywa viwanda ililalamika kwanza, kisha ikatunga sheria zile zile. Ikawa kama sokoni, mchuuzi mmoja apunguzapo bei ya nyanya. Siku ya kwanza wanunuzi wote humwendea. Siku ya pili wenzake nao wamepunguza. Siku ya tatu kila mtu auza nyanya zile zile kwa watu wale wale, ila kwa hasara. Bunge la Washington lilipoona hazina inavuja kwa ajili ya hati hizi, mwaka 1968 liliweka mpaka wa fedha, na hati kubwa za kuwajengea matajiri viwanda zikaanza kutozwa kodi kama deni jingine lo lote. Basi mlango huo ukawa mwembamba, na majimbo yakatafuta milango mingine, kama kutoa ardhi bure, kujenga barabara, kulipia mafunzo ya wafanya kazi, na kusamehe kodi kwa miaka mingi.

Wakati huo wageni waliotafutwa hawakuwa tena washona soksi. Walikuwa waunda motakaa kutoka ng'ambo. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilipotaka kujenga kiwanda Marekani, Pennsylvania na Ohio yaliigombea, na Pennsylvania likashinda mwaka 1976. Jimbo likaipatia kampuni jumba lililokuwa limeachwa nusu kujengwa, pamoja na mikopo ya riba ndogo, na barabara, na njia ya reli. Motakaa ya kwanza ilitoka mwaka 1978. Lakini wanunuzi hawakuipenda kama ilivyotumainiwa, na mwaka 1988 kiwanda kikafungwa, na watu zaidi ya 2,000 wakarudi nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1988, mwezi Mei, kampuni ya Toyota ya Japani ilianza kutoa motakaa katika Georgetown, mji mdogo wa jimbo la Kentucky. Gavana Martha Layne Collins alikuwa ameahidi zawadi zilizofika dola milioni 147 hivi, yaani ardhi, barabara na mafunzo, na wapinzani wake walimlaumu kwa ukali; sheria yake ikapelekwa mahakamani, nayo ikathibitishwa mwaka 1987. Kiwanda kile kingali kinafanya kazi, nacho ni kikubwa kupita vyote vya Toyota duniani. Sasa msomaji aweza kupima mwenyewe. Majimbo mawili yalitoa zawadi zilizofanana. Kimoja kilifungwa mwaka ule ule kingine kilipofunguliwa. Kama zawadi ndiyo imshikayo mgeni, wote wawili wangalishikwa. Toyota walifundisha watu wao kwa bidii, wakauza motakaa iliyopendwa, na pembeni mwao wakaota watengenezaji wa viti, vioo na vyuma, hata kuondoka kukawa kugumu.

Hata hivyo magavana hawakujifunza hesabu hiyo. Walijifunza tu kwamba Kentucky limepata. Mwaka 1992 South Carolina likaipata BMW. Mwaka 1993 Alabama likaigombea Mercedes pamoja na North na South Carolina, likashinda kwa ahadi ya dola milioni 253, na kazi zilizoahidiwa zilikuwa 1,500. Ukigawanya, ni zaidi ya dola 168,000 kwa kila mfanya kazi. Kiwanda kilijengwa, kikapanuliwa, kingalipo. Lakini gavana Jim Folsom, aliyekileta, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1994, na zawadi ile ilikuwa sababu mojawapo ya kunung'unikiwa.

Mwaka ule wa 1993 palitokea kesi katika Michigan ambayo twaiona kuwa yafundisha kuliko nyingi. Kijiji cha Ypsilanti kilikuwa kimeipunguzia kampuni ya General Motors kodi mara mbili, kwa ajili ya kiwanda chake cha Willow Run. Kisha kampuni ikapimanisha Willow Run na Arlington katika Texas, ikaamua kukifunga kile na kukiacha hiki. Ypsilanti wakaenda mahakamani wakidai kwamba kampuni, ilipoomba kupunguziwa kodi, iliwaahidi kubaki. Mwamuzi wa kwanza akakubaliana nao, akaizuia kampuni isiondoke. Mwezi Agosti mahakama ya rufani ikaitangua hukumu yake, ikasema kwamba maneno ya kampuni yalikuwa matumaini tu, wala hayakuwa ahadi. Watu wa Ypsilanti walikuwa na nyaraka nyingi mikononi, lakini katika nyaraka hizo zote hapakuwa na mstari mmoja wenye kusema kampuni itakaa miaka mingapi, na ikiondoka mapema italipa nini.

Wengine walitafuta msaada wa Katiba. Katika Toledo, jimbo la Ohio, walipa kodi walishtaki kwamba zawadi zilizopewa DaimlerChrysler zaharibu biashara huria baina ya majimbo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Washington haikusema kama ni halali au si halali. Ilisema tu kwamba mlipa kodi, kwa kuwa mlipa kodi tu, hana haki ya kuleta shtaka hilo. Mapatano ya hiari nayo yamekuwa machache. Mji wa Kansas City umekatwa na mpaka wa majimbo mawili, Kansas na Missouri, na kwa miaka mingi kampuni zilivuka barabara moja tu zikapewa zawadi upande wa pili, wafanya kazi wakiwa wale wale na nyumba zao zile zile. Mwaka 2019 magavana wawili waliona aibu ya mchezo huo, wakapatana kuacha kunyang'anyana katika wilaya za mji ule.

Tuimalize habari yetu kaskazini, katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 2017 kampuni ya Foxconn ya Taiwan ilitangaza kwamba itajenga kiwanda cha vioo vya televisheni katika kijiji cha Mount Pleasant kwa dola bilioni 10, na kuajiri watu hata 13,000. Jimbo likaahidi zawadi za karibu dola bilioni 3. Tena, kwa kuwa viwanda katika Wisconsin vilikuwa vimekwisha kusamehewa karibu kodi yote ya faida, sehemu kubwa ya zawadi hiyo ilikuwa fedha za kulipwa mkononi kutoka hazina. Rais wa Marekani mwenyewe alikwenda Juni 2018 kushika koleo na kufukua udongo wa kwanza. Miezi michache baadaye gavana Scott Walker, aliyefanya mapatano yale, akashindwa katika uchaguzi.

Kiwanda kikubwa cha vioo hakikujengwa. Palijengwa majumba machache, na kampuni ikabadili shauri lake mara nyingi. Lakini mkataba wa jimbo ulikuwa na jambo moja ambalo Ypsilanti hawakuwa nalo, yaani fedha zililipwa kwa kazi zilizokwisha kupatikana, na si kwa kazi zilizoahidiwa. Kazi zisipofika, hazina haifunguki. Basi mwaka 2021 gavana mpya, Tony Evers, akaandika mkataba mwingine na kampuni, wa watu 1,454 na zawadi isiyozidi dola milioni 80.

Jimbo likaokoka hivyo. Kijiji hakikuwa na mkataba wa namna ile. Mount Pleasant pamoja na wilaya yake ya Racine walikuwa wamekwisha kukopa, kama Durant walivyokopa, wanunue ardhi, wapanue barabara na kuvuta maji kabla mgeni hajaja. Nyumba za watu zilinunuliwa zikabomolewa. Baadhi ya wenyeji walikataa kuuza, na halmashauri ya kijiji ikalitangaza eneo lao kuwa limechakaa, ijapokuwa palikuwa na nyumba nzuri na mashamba ya kabichi na mahindi, ili ipate njia ya kisheria ya kuwaondoa. Mwaka 2023 kampuni ya Microsoft ikanunua zaidi ya ekari 1,000 za ardhi ile ijenge majumba ya kompyuta, ambayo huhitaji umeme mwingi na watu wachache.